Anayetuchekesha Naye Ana Deni



Siku hizi mchekeshaji hahitaji jukwaa wala tiketi. Husimama mbele ya simu yake dakika mbili, akaiga sauti ya watu wa kabila fulani, au mwendo wa kilema, au kilio cha mjane. Kabla jua halijachwa mchezo wake umekwisha kufika Likasi, Kolwezi na Kasenga, na hata huku kwetu Kasomeno, wanakopita wasafiri na malori ya samaki. Watu wanacheka. Lakini katikati yao yupo mmoja asiyecheka, kwa kuwa aliyeigizwa ni yeye. Akinung'unika hujibiwa neno moja tu: "Ni mchezo, nilikuwa natania."

Neno hilo ndilo ninalotaka tulipime leo. Je, mchekeshaji akiwaumiza watu mbele ya watu, anapaswa kujibu? Na kama anapaswa, ajibu kwa nani? Wengi hugombania swali la kwanza na kulisahau la pili. Kumbe la pili ndilo lenye taabu, maana historia ya nchi zetu inatuonyesha hatari mbili: kuna mzaha usiojibiwa na mtu, na kuna mzaha unaojibiwa mbele ya polisi tu. Zote mbili zimetudhuru.

Kitabu cha Mithali, sura ya 26, kinamjua sana mtu wetu. Humfananisha anayemdhuru jirani yake, kisha akajitetea kwamba alitania, na mwenda wazimu anayetupa moto ovyo. Si jambo la leo, basi. Simu imekuja juzi. Udhuru huu ni wa kale.

KICHEKO CHENYEWE SI KOSA

Kwanza tuondoe mawazo mabaya. Wako Wakristo wanaodhani kwamba uchaji wa Mungu ni kununa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakuwaza hivyo. Katika kitabu chake kikubwa cha teolojia aliuliza habari za michezo, akajibu kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mzaha mwema huipumzisha. Tena akaongeza kwamba mtu asiyetaka kucheka kamwe, anayewakatisha wenzake furaha, naye ana kosa. Na tarehe 14 Juni 2024 Papa Fransisko aliwakaribisha Vatikani wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, akawashukuru kwa kazi yao. Aliwaambia kwamba mtu aweza hata kucheka na Mungu, jinsi tunavyocheka na wale tunaowapenda.

Lakini Tomaso huyo huyo ana swali jingine mahali pengine, juu ya dhihaka. Hapo anasema kwamba mwenye dhihaka hutafuta kumwaibisha mtu. Hushika baya la mwenzake na kulifanya jambo la kuchezea, na kwa kulifanya dogo humfanya mwenyewe kuwa mdogo, kana kwamba maumivu yake hayastahili kupewa uzito. Tazameni tofauti. Mzaha hucheza na jambo pamoja na mtu. Dhihaka humchezea mtu mwenyewe. Masikioni huenda zikafanana, kwa maana kicheko ni kile kile.

MUFWANKOLO NA FIRIGISI YA KUKU

Kwa watu wa Lubumbashi jina la Mufwankolo halihitaji maelezo marefu. Kikundi chake kiliigiza katika redio na televisheni kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha nyumbani na cha kazini, si cha vitabu. Mwaka 1986, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, kikundi hicho kilitengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima. Mtaalamu mmoja aitwaye Johannes Fabian alikuwapo, akafuatana nao tangu mazungumzo ya kwanza, na mwaka 1990 akatoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Anaeleza kwamba mambo yalianzia mezani, penye firigisi ya kuku, ile sehemu anayopewa mkubwa peke yake wala haigawanywi.

Waigizaji hawakuwa na maandishi. Waliijadili methali, wakabishana maana yake, wakagawana nafasi, kisha wakaigiza kwa maneno yaliyowajia palepale. Palikuwa na chifu na kijiji chake, na watu wanaosumbuka kwa ajili ya madaraka. Kumbukeni basi mwaka wenyewe. Chama kilikuwa kimoja, mkubwa wa nchi alikuwa mmoja, na jina lake halikuchezewa hadharani. Waigizaji hawakulitaja. Walimweka chifu wa kijijini mbele ya watu, wakawaachia watazamaji wafikiri wenyewe.

Nikipima mchezo kama huo naona mambo mawili yaliyoufanya kuwa mwema. La kwanza, kilichochekwa ni tendo, wala si damu ya mtu. Mwizi alichekwa kwa wizi wake, na mkubwa kwa tamaa yake, na mwizi aweza kuacha kuiba kama mkubwa awezavyo kujifunza kugawa. La pili, waigizaji walikuwa watu wa mji ule ule, wenye majirani. Aliyechekesha jana alionekana leo, na mwenye neno la kumwambia alijua mahali pa kumkuta. Mambo hayo mawili ndiyo yanayokosekana katika mizaha mingi inayotembea katika simu zetu. Humcheka mtu kwa asichoweza kukiacha, yaani kabila lake, kilema chake, sura yake. Na mwenye kuchekesha hayupo mahali pa kumkuta.

NENO "BILULU"

Sasa nafika kwenye jambo linalowauma wengi wetu.

Kila mzaliwa wa Katanga anajua kwamba kilulu ni mdudu, na wakiwa wengi ni bilulu. Anajua pia kwamba kulikuwa na wakati ambapo neno hilo halikusemwa juu ya wadudu. Liliwahusu watu wa Kasai, ambao baba na babu zao waliletwa huku kufanya kazi katika migodi ya Union Minière na katika reli. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, na kuzika wazee wao hapa. Katika miaka ya 1992 na 1993 walifukuzwa. Likasi iliwaka Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ikafuata Machi 1993. Watu kwa mamia ya maelfu waliacha nyumba zao. Wengi walikaa katika stesheni za gari la moshi wiki kwa wiki, wakingoja mabehewa, na watoto wakafa kwa magonjwa kabla ya kupata safari.

Je, ni wachekeshaji waliofanya hayo? La. Yalifanywa na wanasiasa waliochochea na vijana waliotumwa. Lakini ulizeni: mtu anawezaje kusimama mbele ya mkutano na kumwita jirani yake mdudu, na watu wasishtuke? Masikio hayazoei kwa siku moja. Kila kabila lina visa vyake vya kuchekesha juu ya kabila jingine: hawa wachoyo, hawa wachafu, hawa wezi, hawa wajinga. Kisa kimoja hakiui mtu. Lakini visa mia, vikisemwa bila kujibiwa, humfundisha mtoto kwamba yupo jirani ambaye maumivu yake ni ya kuchekwa. Siku jirani huyo atakapobeba godoro lake kwenda stesheni, mtoto huyo, sasa kijana, hatalia.

Tena sheria ilikuwapo. Tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu ilikuwa na sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mwaka 1992 ilikuwa imetimiza miaka ishirini na sita, lakini haikumwokoa mtu mmoja katika stesheni ya Likasi. Sheria isiyo na mizizi mioyoni mwa watu ni kama kufuli kwenye mlango wa nyasi.

REDIO ILIYOCHEKESHA

Jirani zetu wa Rwanda waliona mabaya zaidi. Mwezi wa Julai 1993 redio mpya ilianza kusikika Kigali, iitwayo RTLM. Watu waliipenda. Redio ya serikali ilikuwa na hotuba ndefu za kusinzisha. Hii mpya ilipiga muziki mzuri, na watangazaji wake waliongea kama watu walioketi barani wakinywa, wakitaniana na kucheka. Ndani ya kicheko hicho waliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Hapo pia ni mdudu! Kisha Aprili 1994 mauaji yalipoanza, redio hiyo hiyo, kwa sauti zile zile walizozizoea, ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha.

Ilikuja kujibu, lakini maiti walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wengine hawakuzikwa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Tujifunze kitu katika ufundi wao. Kama wangeanza kwa kupiga kelele za chuki, wengi wangefunga redio zao. Walianza kwa kuchekesha, na kicheko ndicho kilichofungua mlango.

WAKUBWA WASIOTAKA KUCHEKWA

Msomaji aweza kusema: "Basi dawa ni rahisi. Kila anayechekesha vibaya akamatwe." Pole pole, ndugu yangu. Tuangalie na upande wa pili.

Mwezi wa Mei 2020, Dar es Salaam, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi. Alikuwa amefanya nini? Alijionyesha akicheka, akitazama picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa amevaa suti iliyompwaya. Hakumtukana, alicheka tu. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuitwa na polisi kwa kuweka sura yake katika picha ya Rais huyo. Na alipofikishwa mahakamani mwaka 2020, mashtaka hayakuhusu kicheko. Yalihusu kadi ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Tazameni ajabu hiyo: waliomkamata walijua wenyewe kwamba kumshtaki mtu kwa kucheka kungewachekesha watu zaidi.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule, huko Uganda, wachekeshaji wanne wa kikundi cha Bizonto walikamatwa pia. Katika mchezo wao walihimiza watu wawaombee viongozi, wakawataja mmoja mmoja pamoja na vyeo vyao, na kila msikilizaji akatambua kwamba vyeo vile vikubwa vilikaliwa na watu wa upande mmoja wa nchi, yaani magharibi. Walishukiwa kuchochea ubaguzi. Walilala rumande siku chache, kisha wakaachiwa kwa dhamana ya polisi.

Linganisheni sasa. Watangazaji wa RTLM walihukumiwa kwa kuchochea chuki juu ya watu wa kabila fulani, na Bizonto nao walishukiwa kosa la namna hiyo. Hata hivyo mambo hayo mawili ni mbali kama mashariki na magharibi. RTLM iliwafanya majirani wasio na kinga kuwa wadudu. Bizonto walihesabu viti vya wakubwa wenye walinzi. Ikiwa sheria moja yaweza kumkamata mchochezi na pia yule anayeonyesha upendeleo, basi sheria peke yake si kipimo. Iko mikononi mwa mwenye nguvu, na mwenye nguvu mara nyingi husikia maumivu yake mwenyewe kwanza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila mzaha uende kituo cha polisi. Anayechochea watu wapigwe au wafukuzwe, huyo ni wa mahakama, awe anacheka au ananuna. Mengine yana mahakama nyingine, iliyo ya kale zaidi.

WAZEE WALIJUA: UTANI NI DENI

Wazee wetu hawakumwacha kila mtu amcheke yeyote apendavyo, wala hawakukataza kicheko. Walifanya utani.

Upande huu wetu, kwa Wabemba na ndugu zao, koo zilizo watani huitwa banungwe. Ukoo wa Mamba una watani wake katika ukoo wa Samaki, kwa kuwa mamba hula samaki; na Chui ana watani wake katika ukoo wa Mbuzi. Mtani aweza kukuambia maneno ambayo mwingine akiyasema mtapigana. Huko Tanzania nako, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara ya kwenda pwani, na Wangoni wana utani na makabila waliyopigana nayo vitani. Sikieni vema: penye vita ya jana waliweka mzaha, ili mkuki usirudi.

Lakini mzaha huo ulikuwa na masharti. Kwanza, ulikwenda na kurudi. Aliyekucheka ulikuwa na haki ya kumcheka vilevile, na yeye hakuruhusiwa kukasirika. Pili, kila mmoja alimjua mtani wake. Hukumtania mpita njia usiyemjua. La tatu ndilo kubwa. Mtani alikuwa na kazi msibani. Ukifiwa, ndiye anayekuja kufanya kazi za mazishi, na kuwachekesha wafiwa wasizame katika huzuni. Aliyekucheka maisha yako yote ndiye atakayekuzika.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo jibu langu lilipo. Haki ya kumcheka mtu hununuliwa kwa wajibu. Mchekeshaji anajibu kwa nani? Anajibu kwanza kwa yule aliyemcheka. Na swali la kumpima ni hili moja: je, utakwenda matangani kwake? Anayeiga matamshi ya Waluba wa Kasai kwa kuwa ameishi nao, amekula nao, nao humwiga yeye, na siku ya msiba yupo, huyo ni mtani. Anayewaiga ili kulipwa na watu wasiowapenda, asiyejua hata wanaishi mtaa gani, huyo ni mtupa moto wa kitabu cha Mithali.

WENGINE WATAPINGA

Wengine watasema: "Ukimpa kila aliyechukizwa haki ya kudai, hautabaki mzaha hata mmoja." Neno hili lina ukweli. Mwizi huchukizwa na mzaha juu ya wizi, na mla rushwa na mzaha juu ya rushwa. Kuchukizwa si dalili kwamba umeonewa. Ndiyo maana tuulize zaidi: amechekwa kwa alichotenda, au kwa alivyozaliwa? Je, aweza kurudisha mzaha, au amefungwa kinywa kwa umaskini, kwa maradhi, au kwa uchache wa watu wake? Mkubwa aliyechekwa ana redio, ana askari, ana hotuba. Mama anayeuza mihogo kando ya barabara, aliyepigwa picha bila ruhusa na kuchekwa kwa mavazi yake, ana nini?

Wengine watasema: "Mchekeshaji ni kioo, anaonyesha tu yaliyomo mwetu." Sawa, lakini kioo hakichagui. Mchekeshaji huchagua uso wa kuonyesha na uso wa kuficha, na huchagua tena ni nani aketi kutazama. Kwa chaguo hilo atajibu.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, aliyekosea arudishe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika mafundisho ya amri ya nane, yasema kwamba kosa juu ya haki na ukweli huleta wajibu wa malipizi, hata kama mtu amekwisha kusamehewa. Na kosa la hadharani lafaa kutengenezwa hadharani. Mzaha uliotazamwa na elfu hautengenezwi kwa kunong'ona "samahani" nyuma ya nyumba. Asimame mahali pale alipochekeshea, kwa sauti ile ile. Wala asiseme, "Kama kuna aliyechukizwa...", kana kwamba kosa ni la masikio ya wenzake.

Pili, tusisahau sehemu yetu. Mchekeshaji anakula kwa kicheko chetu. Siku ile askari walipomvika Bwana wetu vazi jekundu na taji la miiba, wakapiga magoti kwa kejeli, nao walikuwa wakifanya mchezo, na mchezo ule ulihitaji watazamaji. Kama watazamaji wangegeuza nyuso, ungekwisha. Anayepokea picha ya kumdhalili mtu na kuituma kwa rafiki kumi amekuwa mwigizaji wa kumi na moja. Usicheke, usitume, na kama una ujasiri, mwambie aliyekutumia: "Hawa ni ndugu zetu." Neno hilo fupi laweza kuzuia mengi ambayo sheria ya 1966 haikuyazuia.

Tatu, wazazi na walimu wafundishe watoto utani wa kweli: ni nani watani wetu, tunawadai nini na wao wanatudai nini. Mtoto anayejua kwamba anayemtania ndiye atakayemsaidia kuzika hatamwita mtu mdudu.

Nasi tunaowahukumu wachekeshaji tuwe wakweli pia. Akimcheka mkubwa kwa ulafi wake, tusikimbilie kusema amevunja heshima. Wazee wa Mufwankolo walimchezea chifu wakati wa hofu, na mji ukapata nafuu. Wachekeshaji kama hao tunawahitaji, hata wakituchoma sisi wenyewe, sisi makatekista tukiwamo.

Katika mji wetu wa Lubumbashi, miaka zaidi ya thelathini baada ya zile stesheni, wajukuu wa waliofukuzwa na wajukuu wa waliofukuza wanakaa tena benchi moja shuleni na kanisani. Wanatumiana vichekesho kila siku. Mwenye kuchekesha na akumbuke kwamba kila kicheko anachokichukua kwa jirani ni mkopo, na siku ya kuulipa ni siku jirani huyo atakapolia.